Chuma Kimebaki, Kazi Iko Wapi?

Mlima Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, wilayani Longido, kwenye ukingo wa kusini-mashariki wa Ziwa Natron. Kimo chake ni mita 2,942. Shengena ni kilele kirefu kuliko vyote katika safu ya milima ya Upare, juu ya msitu wa Chome wilayani Same. Lakini anayetaka kuyasoma majina ya milima hiyo yakiwa kwenye vibao vya chuma, ubavuni mwa mashine zilizowahi kutikisa ardhi, itambidi avuke mpaka aende Nairobi. Huko, katika Makumbusho ya Reli yaliyo karibu na stesheni kuu, zimesimama injini mbili za mvuke: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Za kundi lao, kundi la 59, zilijengwa 34. Zilizosalia ni hizo mbili.

Kila ninapozifikiria injini hizi, swali moja hunirudia: pale uani kimehifadhiwa nini hasa? Chuma kipo, tena kingi. Kila moja ilikuwa na uzito unaokaribia tani 252 ilipokuwa imejaa maji na mafuta. Lakini injini ya mvuke haikutengenezwa ili isimame. Ilitengenezwa ifanye kazi, na kazi ile ilikuwa ya watu kabla ya kuwa ya chuma. Tukitaka kujua tumehifadhi nini, hatuna budi kwanza kuijua kazi yenyewe.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, mizigo ilirundikana bandarini Mombasa kuliko uwezo wa reli kuiondoa. Njia ilikuwa moja, yenye upana wa mita moja, ileile iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Kutoka kisiwani Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 530, na sehemu kubwa ya safari ni kupanda: unaanzia usawa wa bahari, unafikia kimo cha zaidi ya mita 1,600. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, lilihitaji injini yenye nguvu za kupita kawaida, na wakati huohuo injini inayoweza kupita kwenye kona za reli nyembamba bila kuiumiza.

Jibu lilitoka Manchester, Uingereza, katika kiwanda cha Beyer, Peacock. Kiwanda hicho kilikuwa kimejijengea jina kwa wazo la mhandisi Herbert William Garratt, ambaye injini za kwanza za muundo wake zilitengenezwa mwaka 1909 kwa ajili ya Tasmania, na ambaye alifariki mwaka 1913 bila kuona wazo lake litafika wapi. Injini ya mvuke ya kawaida huibeba boila juu ya magurudumu yake makubwa. Boila ikinenepa, magurudumu huizuia. Injini ikirefuka, kona huikataa. Garratt aliitoa boila juu ya magurudumu hayo, akaiweka kwenye fremu inayoegemea mitambo miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kila mtambo una silinda zake na magurudumu yake, na kila mmoja unageuka kwenye egemeo lake pindi reli inapopinda. Maji na mafuta hupakiwa juu ya mitambo hiyo, na uzito wake huyagandamiza magurudumu yasiteleze. Chini ya boila hubaki nafasi tupu, hivyo boila inaweza kuwa nene na tanuri likawa na kina kirefu.

Injini za kundi la 59 ziliwasili kuanzia mwaka 1955. Urefu wake ulizidi mita 31. Zilikuwa na magurudumu 28, na 16 kati ya hayo ndiyo yaliyosukumwa na mvuke. Kipenyo cha boila kilikaribia mita 2.3, na boila hiyo ilipita juu ya reli mbili zilizoachana kwa mita moja tu. Kila injini iliweza kuvuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa mita moja na nusu kwa kila mita mia. Reli za upana wa mita moja hazijawahi kuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzizidi hizi, popote duniani. Wapenzi wa reli hulitaja jambo hilo kwa fahari, na ni haki yao. Ila takwimu hizo ni za uwezo, na uwezo wa injini ya mvuke haujitokezi wenyewe kama maji ya bomba. Lazima uandaliwe kila siku, upya, kwa mikono.

Tuanze na moto. Injini hizi hazikuchoma makaa ya mawe. Zilichoma mafuta mazito meusi, ambayo yakiwa baridi huwa mazito mno kutiririka. Mvuke hutumika kwanza kuyapasha moto, kisha mvuke huohuo huyarusha ndani ya tanuri yakiwa matone madogo madogo yanayoshika moto. Boila iliyopoa haiwashwi kwa pupa. Chuma kikipata joto kwa haraka hutanuka upande mmoja kabla ya mwingine, mishono ikalegea na mabomba yakavuja. Moto huanza mdogo, hulelewa kwa saa nyingi, mpaka mvuke uzaliwe na sindano ya geji ianze kuinuka.

Safari ikianza, kazi ya moto ni ya fayamani. Dereva anaposhika mtaimbo wa kufungulia mvuke, fayamani hana budi kuwa amekwisha kujua kitakachofuata. Mvuke ukiitwa kwa wingi, mafuta yaongezwe. Ukipunguzwa, mafuta yapunguzwe papo hapo. Geji haimtoshi. Hutazama bomba la moshi. Moshi mweusi mzito maana yake ni mafuta yanayopotea na masizi yanayojipaka ndani ya mabomba ya boila, na masizi huzuia joto lisiyafikie maji. Hapo hutupia mchanga kidogo tanurini, uvutwe na mkondo wa moto, usugue masizi uyatoe nje kwenye bomba la moshi. Ujuzi huo haumo kwenye mchoro wa mhandisi hata mmoja.

Baada ya moto, maji. Ndani ya kibanda cha dereva mna kioo chembamba kinachoonyesha maji yamefika wapi ndani ya boila, na hakuna kitu kilichotazamwa mara nyingi kuliko kioo hicho. Dari la tanuri lazima lifunikwe na maji wakati wote. Likiwa wazi kwa dakika chache huwa jekundu kwa joto, hulainika, na presha iliyo juu yake hulivunja. Kwenye mwinuko maji ya boila huegemea nyuma, yakajaza kioo na kumdanganya asiyejua. Injini ikishavuka kilele na kuanza kuteremka, maji yaleyale hukimbilia mbele, na dari la tanuri hubaki na kina kidogo cha maji. Kwa hiyo mwenye kioo mbele yake hakuweza kukisoma bila kuijua njia: mlima unaanzia wapi, unaishia wapi, na kilele kina umbali gani kutoka kwenye kona ile. Kutoka Changamwe hadi Mazeras, kutoka Voi hadi Mtito Andei, kutoka Makindu hadi Sultan Hamud, ramani ya mwinuko ilikuwa kichwani mwake.

Maji yenyewe yalikuwa na hila zake. Si bure kwamba moja ya stesheni za kati ya Mombasa na Voi huitwa Maji ya Chumvi. Maji yenye chumvi na madini yakichemshwa kila siku huacha ganda gumu ndani ya boila, na ganda hilo hukaa kati ya chuma na maji na kukizuia chuma kisipoe. Ndiyo maana boila ilibidi ioshwe kila baada ya muda. Injini iliachwa ipoe, vizibo vikafunguliwa, maji ya nguvu yakapitishwa, na mafundi wakakwangua ganda kwa fito ndefu kupitia matundu madogo. Kazi hiyo ilifanywa karakanani, mbali na macho ya abiria, na bila hiyo treni ingeishia kando ya njia.

Basi nani walikuwa watu hao? Historia ya reli hii imeandikwa zaidi kwa majina ya wahandisi na magavana. Waliotandika mataruma ya kwanza walikuwa vibarua na mafundi waliotolewa India chini ya Waingereza, wapatao 32,000. Karibu 2,500 kati yao hawakurudi hai. Kwa kizazi kilichofuata, Wahindi, na hasa Makalasinga, walikuwa uti wa mgongo wa karakana na vibanda vya dereva. Makindu pana hekalu lao lililojengwa mwaka 1926 na Makalasinga waliofanya kazi kwenye reli, na hadi leo msafiri wa barabara ya Mombasa, awe wa dini yoyote, hupewa chakula pale bila malipo. Waafrika walikuwapo tangu siku ya kwanza wakifyeka, wakibeba, wakipanga kokoto, wakiwasha moto, wakipaka grisi. Lakini mishahara na vyeo vilipangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Injini hizi ziliingia Kenya wakati nchi iko chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Mwafrika aliyeujua moto na maji kuliko yeyote aliweza kukaa miaka upande wa fayamani akimwona mwingine ameshika mtaimbo. Siwezi kuitazama rangi nyekundu iliyoiva ya injini hizi, iliyosifiwa na wengi, nikasahau kwamba ilisuguliwa ing'ae na watu wa mshahara wa ngazi ya chini.

Hata hivyo watu hao waliifanya injini kuwa yao. Safari ya Nairobi na Mombasa ilikuwa ndefu, basi nyuma ya injini lilifungwa behewa la kupumzikia, na timu mbili zilisafiri pamoja: moja kazini, nyingine imelala au inapika, kisha zinapokezana. Timu zilikabidhiwa injini maalumu, zikarudi nayo na kwenda nayo. Mtu anayejua kwamba kesho atapanda injini ileile haiachi ikivuja leo. Alijifunza sauti yake, tabia ya vali zake, na namna inavyoupokea mwinuko fulani. Shaba ilisuguliwa, vibao vya majina vikang'aa. Mapenzi ya namna hiyo hayaagizwi na ofisi.

Majina nayo yana historia yake. Shirika liliyapa makundi ya injini majina kwa utaratibu. Kundi la 60 lilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baada ya uhuru vibao vyao viliondolewa. Makundi mengine yalipewa majina ya makabila ya eneo lote. Kundi la 59 likapewa milima: Kenya, Elgon, Longonot, Ruwenzori, Muhavura, Meru, Hanang, Rungwe, Kilimanjaro. Magavana waliondoka, milima ikabaki, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na sababu ya kuukana mlima. Hivyo injini ya Mlima Rungwe wa Mbeya iliweza kupumua kwa nguvu karibu na Kibwezi, na ya Mlima Muhavura wa mpakani mwa Uganda na Rwanda ikanywa maji Voi, na hapakuwa na aliyeuliza kwa nini. Zilikuwa mali ya shirika moja la nchi tatu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la reli likavunjika nayo. Kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Kenya ilirithi injini za kundi la 59, zilizokuwa zikifanya kazi kwenye njia yake. Ndiyo sababu ya Gelai na Shengena kuwa Nairobi. Jirani zake pale uani ni injini namba 3020 inayoitwa Nyaturu, kwa jina la watu wa Singida, na namba 3123 inayoitwa Bavuma, kwa jina la watu wa visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda. Hakuna aliyekusudia kuweka ukumbusho wa Jumuiya ya kwanza mahali pale. Hata hivyo upo, na sijui mwingine ulio wazi kuliko huo.

Kabla ya hapo dizeli ilikuwa imekwisha kushinda. Injini ya dizeli haihitaji kuoshwa boila, haingoji saa nyingi ndipo ipate nguvu, haisimami kila mara kunywa maji katika nchi kame, na inahitaji watu wachache. Hesabu ilikuwa upande wake, na sioni haja ya kubishana na hesabu hiyo. Kuanzia mwaka 1973 injini za kundi la 59 zilianza kuondolewa kazini, na kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimekwisha. Nyingi zilikatwa zikauzwa kuwa chuma chakavu. Shirika lilikuwa limefungua makumbusho Nairobi mwaka 1971, kwa juhudi za mtumishi wake Fred Jordan aliyekuwa msimamizi wa kwanza. Bila watu wa namna yake hata hizo mbili zisingekuwapo. Wala hadithi haikuishia uani: mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mount Gelai ilitengenezwa ikawashwa tena, ikavuta treni za watalii kwenye njia yake ya zamani.

Nataka tuutafakari ufufuo huo. Iliwezekana kwa sababu walikuwapo bado watu waliowahi kuishika kazi hiyo: anayejua moto mdogo ni upi, anayesikia vali isiyokaa sawa, anayejua sehemu ya kugonga na sehemu ya kuacha. Chuma kinaweza kungoja. Kikipakwa rangi na kufunikwa mvua isikipige, kinangoja miaka hamsini na zaidi. Ujuzi hauna subira hiyo. Unakaa mwilini mwa mtu, na mtu akifa unazikwa naye. Kijana aliyeanza ufayamani mwaka 1970 akiwa na miaka ishirini, leo ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Waliokuwa madereva kamili mwaka huo, wengi wao wamekwisha kututoka.

Mahali pengine wameliona jambo hili mapema. Injini ya kwanza kabisa ya Garratt, ile ya Tasmania ya mwaka 1909, ilirudishwa Uingereza mwaka 1947, na baadaye ikatengenezwa ikavuta treni katika milima ya Wales kwenye reli ya Welsh Highland. Injini ile isingetembea kama kungekuwa na chuma peke yake. Wazee na vijana wamefanya kazi pamoja juu yake, na ujuzi umepita kutoka mkono hadi mkono wakati mzee angali na nguvu ya kuonyesha. Sisemi tuige kila kitu. Fedha zao si zetu, na boila ya Mount Gelai inahitaji gharama ambazo makumbusho yenye mahitaji mengi hayawezi kuzibeba peke yake. Nasema kwamba sehemu ya kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kinasa sauti, daftari, na mtu mwenye adabu ya kusikiliza.

Vitabu kuhusu injini hizi vipo, na vingine ni vizuri sana. Vingi vimeandikwa kwa Kiingereza na wapenzi wa reli kutoka mbali, ambao tunawashukuru. Ila kazi yenyewe ilitendwa kwa lugha nyingine pia. Kiswahili ndicho kilichoitana kati ya dereva na fayamani, kati ya gadi na mpiga bendera, kati ya fundi na msaidizi wake karakanani. Kwa Kiswahili kijana alifokewa maji yaliposhuka kwenye kioo, na kwa Kiswahili alisifiwa siku alipoupanda mlima bila kutoa moshi mweusi. Maneno hayo ni sehemu ya injini kama ilivyo boila. Yakipotea, tutabaki na mashine kubwa ambayo watoto wetu watapiga nayo picha bila kujua ilisemeshwaje.

Leo treni ya reli mpya, iliyoanza kazi mwaka 2017, humfikisha abiria Nairobi kutoka Mombasa kwa saa chache. Ni jambo jema. Lakini nchi inayojenga reli mpya inahitaji kujua pia ni akina nani walioibeba ile ya zamani, na walijua nini. Waswahili wamesema, mali bila daftari huisha bila habari. Tumeitunza mali. Daftari bado.

Kwa hiyo nina ombi. Wasimamizi wa makumbusho Nairobi, na wa mashirika ya reli Dar es Salaam na Kampala, wawatafute wastaafu wa mvuke waliobaki, wawarekodi kwa lugha walizofanyia kazi, na waweke sauti zao kando ya injini ili mgeni asikie anapotazama. Walimu wa vyuo vya ufundi wawapeleke wanafunzi wakakutane nao. Na wewe msomaji, iwapo una babu, baba au mjomba aliyeishi Muthurwa, Voi, Makindu, Tabora au Tororo akila mshahara wa reli, usingoje taasisi. Mwendee mwezi huu. Muulize moto uliwashwaje, maji yalipimwaje, nani alimfundisha, na nani alinyimwa cheo alichostahili. Andika majina yote anayoyataja, kisha peleka nakala moja makumbusho.